Mchagua Jembe

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni fupi, lakini pigo lake ni zito. Humwangukia kila mtu akaaye mbele ya vyombo akivigeuza na kuvipima hali kazi inamngoja. Mvua imekwisha kunyesha, udongo umelainika, wenziwe wamekwisha kufika katikati ya shamba. Yeye bado anauliza jembe lipi ni bora. Hukumu ya wahenga juu ya mtu wa namna hiyo ni moja tu: si mkulima.

Walakini kila mkulima ana jembe, na kila jembe lilichaguliwa. Msimu wa kulima unapokaribia, mama mtu mzima kutoka kijijini hufika sokoni Songea, akainama mbele ya majembe yaliyopangwa chini. Hunyanyua moja, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio wake. Hutazama tundu la mpini, akalirudisha, akanyanyua la pili. Hapana mtu awezaye kumwambia mama huyo kwamba yeye si mkulima. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania mahindi, na mikono iliyolima mahindi hayo ilichagua majembe yake. Basi methali inasema kweli, na mama huyu naye ni kweli. Kweli mbili zinaposimama uso kwa uso, ni wajibu wa fikira kutafuta mahali pa kuzipatanisha.

Mahali hapo paweza kutafutwa katika chombo kigeni kuliko jembe, kwa kuwa uzuri na ubaya wa kuchagua huonekana vyema zaidi katika kitu ambacho desturi haijakizoea. Chombo hicho ni kibodi ya kompyuta, ubao wa vitufe ambao vidole huugonga ili herufi zitokee kwenye kioo. Si chombo kigeni tena kwa watu wa Songea. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako iliuunganisha mji huo na gridi ya taifa, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli, na kazi nyingi zitakazo umeme wa kudumu zimepata nafasi ya kustawi. Mojawapo ni kazi ya kupiga chapa.

Mtu na amfikirie kijana mmoja aliyeajiriwa katika duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala. Tangu asubuhi hata jioni huandika barua za watu wanaoomba kazi, mikataba ya kuuziana viwanja, mitihani ya shule na mihutasari ya kamati za harusi. Usiku, katika chumba anamolala pamoja na mdogo wake, hucheza michezo ya kompyuta. Kibodi yake, ambayo huibeba asubuhi na kurudi nayo jioni, imechoka. Maandishi ya herufi A yamefutika, na kitufe chake hukwama. Amejiwekea akiba ya miezi kadhaa, naye anatamani kibodi ya springi, ile ambayo kila kitufe chake kina mtambo wake. Nayo itamjia kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Lakini akiba hiyo hiyo yaweza kununua mbolea kwa ajili ya shamba la mama yake.

Shauri la kijana huyu laonekana dogo. Hata hivyo limebeba maswali matatu ambayo si madogo. Katika kuchagua chombo, ni nani astahiliye kusikilizwa: jicho, ulimi wa watu, au mkono? Je, furaha ya mchezo ina haki ya kuketi karibu na haja ya kazi? Tena, mtu ana ruhusa gani ya kununua wepesi wa vidole vyake maadamu kuna wengine wanaoitazama akiba ile ile?

Swali la kwanza halijibiwi mpaka chombo chenyewe kijulikane. Katika kibodi nyingi za bei nafuu, chini ya vitufe vyote umetandazwa utando wa mpira wenye vinundu. Kidole kinapobonyeza, kinundu hunywea, nyaya zilizo chini yake hugusana, na herufi hutokea. Mpango huu ni rahisi na hauna makelele. Lakini mpira huzeeka, na kitufe kimoja kikifa, aghalabu kibodi nzima hutupwa. Katika kibodi ya springi kila kitufe kina nyumba yake mwenyewe, na ndani yake mna springi, kijiti na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Katika aina zilizo za kawaida kitufe husafiri milimita 4 hata kufika chini, na herufi hutokea kidole kikiwa kimefika karibu nusu ya safari hiyo. Springi nyepesi hutaka nguvu ya gramu 45 hivi. Nzito hufika 60 au kupita. Kitufe kimoja kikiharibika, chaweza kubadilishwa peke yake na vingine vikaendelea kuishi.

Vitufe hivyo ni wa tabia tatu. Wa kwanza hushuka moja kwa moja bila kizuizi. Wa pili huwa na kituta kidogo njiani, ambacho hukiarifu kidole kwamba herufi imekwisha kutoka. Wa tatu huwa na kituta na mlio, kama mtu anayealisha ulimi. Wauzaji huzitambulisha tabia hizi kwa rangi: nyekundu, kahawia na buluu, na desturi hiyo ilitokana na vitufe vya kampuni ya Cherry ya Ujerumani, vilivyoanza katika miaka ya 1980. Kwa muda mrefu vitu hivi vilikuwa ghali. Katika miaka ya 2010 muda wa hataza ya kampuni hiyo ulikwisha, viwanda vya China vikaanza kutengeneza vitufe vya mfano ule ule, na bei ikashuka. Hivyo uchaguzi uliokuwa wa wachache umekuwa wa wengi.

Ambapo uchaguzi ni mwingi, sifa nazo huwa nyingi. Kijana husikia kwamba fundi fulani wa mbali ana kibodi ya namna fulani, na kwamba bila ya hiyo mtu hawezi kuandika upesi wala kushinda. Huona kibodi nyingine zikiwaka taa za rangi saba. Taa hizo hupendeza, lakini humulika vidole tu; hazivifundishi. Jicho hupenda kipya, na kipya kinyemi ingawa ki kidonda. Sikio hupenda kusifiwa chombo, na aghalabu asifuye ni yule auzaye au yule aliyekwisha kununua, naye hataki kujuta peke yake. Mkono ndio shahidi asiyehongwa. Lakini mkono hutoa ushahidi juu ya kazi ulizozifanya tu. Usiolima hauwezi kulijua jembe, hata ukilishika mwaka mzima.

Basi mkono wa mpiga chapa wa Songea unajua nini? Unajua jambo moja ambalo sifa za mbali haziwezi kumweleza. Mpangilio wa herufi anaoutumia, ule ambao mstari wake wa juu huanza kwa Q, W, E, R, T na Y, ulibuniwa Marekani na Christopher Latham Sholes pamoja na wenzake, waliopata hataza yao ya kwanza ya mashine ya kupiga chapa mwaka 1868. Na kiwanda cha Remington kiliiingiza mashine yao sokoni mwaka 1874. Watu hao walikuwa wakifikiri juu ya Kiingereza. Wakati huo, katika pwani ya Afrika Mashariki, Kiswahili kiliandikwa zaidi kwa herufi za Kiarabu. Baadaye herufi za Kilatini zikashika nafasi, na Kiswahili sanifu kikajengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Kwa bahati, lugha hii haikuhitaji alama ngeni juu ya herufi zake; kitone cha juu kimoja tu, kile cha ng'ombe, kilitosha. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine iliweza kutumika kama ilivyo. Huo ulikuwa urahisi mkubwa. Lakini kila kitu cha kuazima kina ushuru wake.

Ushuru huo hulipwa na kidole kimoja. Kiswahili hupenda vokali, na katika vokali huipenda A kuliko nyingine zote. Baba, mama, kaka, dada: nusu ya kila jina kati ya majina haya ni A. Mahakama ina A nne katika herufi nane. Na katika mpangilio wa Sholes, A imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kidogo na dhaifu, ambacho katika kazi nyingine hakitumwi peke yake. Juu yake imelala Q, ambayo Kiswahili hakiitumii; na karibu nao imelala X, ambayo nayo haina kazi. Mwaka 1936 August Dvorak, naye wa Marekani, alipata hataza ya mpangilio mwingine uliokusudiwa kupunguza taabu ya vidole. Alihamisha karibu herufi zote, lakini A aliiacha pale pale. Kwa hiyo aandikaye Kiswahili humtwisha mdogo wa nyumba mzigo wa mkubwa, kutwa nzima, mwaka kwa mwaka. Kitufe cha A kilichofutika na kukwama katika kibodi ya kijana wa Songea si ajali. Ni hati ya mashtaka.

Waandishi wa zamani walikuwa na njia ya kujisaidia. Mshairi aliyeandika kwa kalamu ya mwanzi aliichonga ncha yake mwenyewe, nene au nyembamba, kwa kadiri ya mkono wake na karatasi yake. Mpanga herufi wa kiwanda cha chapa alikuwa na sanduku lenye vyumba, na herufi zitumikazo mara nyingi aliziweka katika vyumba vikubwa vilivyo karibu na mkono. Huko Peramiho, magharibi ya Songea, watawa Wabenedikto waliweka misheni mwaka 1898, na kiwanda cha chapa cha hapo kimetoa vitabu vya Kiswahili. Kazi kama hiyo ilipofanywa kwa herufi za risasi, mpangaji aliona kwa macho yake ni chumba kipi kinachokauka upesi. Mpiga chapa wa leo hapewi kisu wala sanduku. Kibodi humfikia imekwisha kufungwa kiwandani. Kwake yeye kuchagua ndiko kuchonga kulikobaki.

Hapa jibu la swali la kwanza hupatikana. Kijana akisema kwamba anataka kitufe chepesi kwa sababu kidole chake kidogo huuma jioni, na kitufe kibadilikacho kwa sababu A hufa kabla ya nyingine, sababu zake zimetoka katika kazi. Naye ni ndugu wa yule mama aligongaye jembe kwa kifundo cha kidole. Akisema kwamba anataka kibodi fulani kwa sababu inang'aa, au kwa sababu imesifiwa, au kwa sababu mwenziwe anayo, sababu zake zimetoka nje ya shamba. Methali ya wahenga inamwita.

Swali la pili ni la mchezo. Kazi na mchezo ni mabwana wawili, na kila mmoja ana matakwa yake. Kupiga chapa hutaka kitufe chenye kituta, ili kidole kijue kwamba herufi imetoka bila ya jicho kuuliza. Mchezo wa mbio au vita hutaka kitufe chepesi kisicho na kizuizi, na hutumia vitufe vichache mara nyingi sana: W, A, S na D, vya kwenda mbele, kushoto, nyuma na kulia. Tena hutaka vitufe vitatu au vinne vibonyezwe kwa pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kibodi nyingi za bei nafuu nyaya zimepangwa kwa safu za kulala na za kusimama bila kinga katikati yake. Basi vitufe fulani vitatu vikishikwa pamoja, kimoja hupotea njiani, na mchezaji hushindwa kwa kosa ambalo si lake.

Wapo wasemao kwamba haja ya mchezo haistahili kuhesabiwa kabisa. Hao wamekaza mno. Wazee wachezao bao chini ya mwembe hawachezei juu ya gogo lolote. Bao lao limechongwa kwa uangalifu, mashimo yake yana kina sawasawa, na hapana mtu awaulizaye kwa nini fundi alipoteza siku nzima. Mchezo ulio mwema humrudishia mtu nguvu ambazo kazi imezichukua. Huwa mwizi pale tu unapokabidhiwa ufunguo wa ghala. Basi haki ya mchezo ni kuketi pamoja na kazi, si kukalia kiti chake. Matakwa yao yakipatana, yatimizwe yote. Yakigongana, kazi imlishayo mtu iwe na neno la mwisho. Kitufe chenye kituta kidogo, kilicho chepesi, huwatumikia mabwana wawili hawa vya kutosha, ingawa hakimridhishi hata mmoja kwa ukamilifu. Atakaye ukamilifu kwa kila bwana atanunua kibodi mbili, kisha tatu, na mwisho atakuwa mlinzi wa kibodi badala ya kuwa mwandishi au mchezaji.

Swali la tatu ndilo zito kupita yote, kwa sababu ndani yake wamo watu wengine. Wa kwanza ni mdogo wake aliyelala. Kitufe kialishacho ulimi ni muziki kwa akibonyezaye. Kwa aliyejilaza mkekani usiku wa manane ni msumari. Duka la kutwa lenye zogo la wateja lingeweza kuuvumilia mlio huo. Chumba cha watu wawili hakiwezi. Uhuru wa mtu katika kuchagua chombo hukoma ukingoni mwa mkeka wa jirani yake. Kwa hiyo tabia ya tatu ya vitufe, hata ikiwa vidole vinaipenda kuliko zote, imeondolewa na dhamiri kabla ya kuondolewa na fedha.

Wa pili ni mama shambani. Yeye hajaomba, na kutoomba kwake hakupunguzi haki yake, bali huiongeza. Hapa yafaa kutenganisha vitu viozavyo kwa kungoja na vile vivumiliavyo. Mbolea ina majira yake. Mahindi yakikosa chakula chao wakati wa kukua, fedha itakayopatikana mwezi wa tatu baadaye haiwezi kuwarudisha nyuma mawingu wala kulijaza tena bua. Kibodi haina majira. Inayonunuliwa baada ya mavuno ni ile ile ambayo ingenunuliwa kabla ya mvua. Ni kweli kwamba kitufe kinachokwama humchelewesha kijana, na kuchelewa kwake kunapunguza mapato. Hilo si la kudharauliwa. Lakini hasara ya kuchelewa hulipika kwa saa za jioni. Hasara ya shamba hulipwa kwa njaa. Mbolea inunuliwe kwanza. Kibodi itafuata, nayo iwe ile iliyo wazi, isiyo na taa, ambayo bei yake imelipwa kwa springi na si kwa rangi.

Yamkini mtu atasema kwamba hukumu hii inamwacha kijana mikononi mwa chombo kibovu, na kwamba wenye kushauri subira aghalabu hawana kidole kinachouma. Neno hili lina haki yake. Subira isiyo na mwisho ni jina jingine la dhuluma, na mzee ambaye kila mwaka huona haja mpya shambani, wala haoni haja ya mwanawe hata mara moja, amesahau kwamba mkono wa kijana nao ni shamba. Kwa hiyo deni linabaki, na mavuno yakija lilipwe kabla ya karamu.

Lakini katika miezi hiyo ya kungoja ndimo kweli mbili za mwanzo zinapokutana. Kila asubuhi kijana hufungua duka, huketi mbele ya kibodi yake chakavu, na kila A humgharimu pigo la pili. Barua ya mwombaji kazi hutoka. Mkataba wa kiwanja hutoka. Mtihani wa shule hutoka, na wanafunzi huufanya bila kujua ni kidole gani kilichoulipia. Kila pigo humfundisha zaidi atakachokitaka siku fedha itakapopatikana: uzito gani, kituta gani, kimya cha kiasi gani. Anachagua, na huku analima.

Hivyo wahenga hawakukataza kuchagua. Mama wa sokoni ana jembe kuukuu nyumbani, ambalo jana tu lilikuwa udongoni. Ulemavu wake ndio uliomleta sokoni na ndio unaomwambia agonge wapi. Mtu waliyemkana wahenga ni yule aliyeliweka chini la zamani kabla ya kulipata jipya, akakaa kando ya shamba akiyahukumu majembe ya ulimwengu kwa mikono isiyo na sugu. Hata akipewa lililo bora kuliko yote, hatakuwa na la kulifanyia. Jembe halimgeuzi mtu kuwa mkulima, wala kibodi haimpi mtu neno la kuandika. Lakini aliye na neno, na ambaye tayari anaandika, ana haki ya kuuliza kidole chake kinauma wapi, na ana haki ya kujibiwa.